Theluthi ya Joram

Doha, Ijumaa 3 Februari 2012

Kendi mwanangu,

Habari yako, na nyanya je, kile kikohozi kimemwacha? Mimi huku ni mzima, ni mgongo tu. Ulisema tusiongee tena kwa simu kwa sababu tukiongea tunagombana na salio linaishia kwa kelele, basi nimeandika. Peninah anakuja likizo Jumatano, atakuletea barua hii na sabuni na tende za nyanya. Mwambie atoe kokwa kwanza, meno yake najua.

Mwanangu, benki imenimaliza. Wakati nanunua hiyo nyumba ya Kitengela mnayolala, benki ilituma watu wake hapa Doha, wakatukusanya sisi Wakenya kwenye hoteli, wakatupa sambusa na kalamu. Nilimuuliza yule kijana wao kwa mdomo wangu, "Riba itapanda?" Akasema, "Mama, hii imekaa kama Mlima Kenya." Sasa mlima umetembea. Riba imepanda karibu mara mbili. Mwezi huu wamekata hata nikabaki na pesa ya losheni na kadi ya simu. Nikishindwa kulipa watauza nyumba, na mama yangu nitamlaza wapi na miguu ile?

Sasa iko kampuni inaitwa Ngao ya Mkopaji, ina chumba huku mtaa wa Najma, juu ya fundi wa nguo. Wao wanakushikia malalamiko. Wanaiandikia benki, wanabishana nayo, na ukishinda wanachukua theluthi. Ukishindwa hawachukui kitu. Kule kanisani wengine wanasema, enda, ndiyo kazi yao. Wengine wanasema, ni wezi, andika mwenyewe. Mimi kichwa kimenizunguka.

Nimejaribu kuandika mwenyewe. Nimeiandikia jikoni huku The Pearl ninakofanya kazi za nyumbani, madam akiwa amelala, na mtoto wake akamwaga maji katikati, usicheke. Iko ndani ya bahasha hii. Wewe ni mwalimu, nisahihishie penye makosa kisha uipeleke benki. Nikiona umeikubali sitakwenda kwa hao watu wa Najma.

Kula vizuri. Usilale na dirisha wazi.

Mama yako,
Winfred


Kitengela, 21 Februari 2012

Mama,

Sabuni imefika. Barua pia, kwa bahati mbaya.

Uliniomba nisahihishe. Nimesahihisha kama ninavyosahihishia darasa la tano, kwa wino mwekundu, na alama nimekupa: tisa kwa thelathini. Tisa ni za huruma. Niliipeleka ofisi ya walimu tukanywea chai. Mwalimu Njenga amesema mwandishi arudishwe chekechea na apewe kibao. Ni nani anayemwandikia meneja wa benki "Mungu anawaona"? Meneja anahusika nini na mgongo wako? Umeandika kurasa nne na hakuna mahali umesema ni lini uliambiwa riba haitapanda.

Sikia, nitasema mara moja. Kulalamika hakulipiwi hata senti. Unaiandikia benki, na benki lazima ijibu. Ikikataa, unapanda kwa wale wanaosimamia mabenki, na huko pia ni bure. Unahitaji ukurasa mmoja: nani alikuambia, wapi, lini, na maneno aliyotumia. Huhitaji kampuni. Kampuni itaandika ukurasa huohuo na kukukata theluthi kwa kazi ya kubandika stempu.

Mbona nisikuandikie mimi? Kwa sababu nimechoka kuwa mama wa mama yangu. Nakurudishia karatasi yako. Iandike upya, na safari hii ifanane na ya mtu mzima.

Nyanya anakusalimu. Tende amezimeza na kokwa.

Kendi


Doha, Ijumaa 16 Machi 2012

Kendi mwanangu,

Barua yako nimepata, na ile yangu pia. Niliifungua nikiwa kwa basi, nikadhani ni damu. Mwanamke wa Kifilipino aliyekaa karibu nami akaniuliza, "Mtoto ameandika?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mzuri sana." Nikasema ndiyo. Sikukasirika. Mwalimu ni mwalimu.

Nilijaribu kuiandika tena. Lakini kila nikishika kalamu nawaona wale walimu wenzako na vikombe vyao, mkono unaganda. Basi nimekwenda Najma. Nimetia sahihi.

Kendi, walinikalisha kwenye kiti! Wakaniletea chai nikiwa nimekaa! Tangu nije nchi hii mimi ndiye napeleka chai. Na unajua mwenye ofisi ni nani? Ni Joram, kijana yuleyule wa mlima, aliyetuuzia mkopo kule hotelini. Benki ilimwachisha kazi. Nilipomwona nilitaka kurudi kwenye ngazi. Akanishika mikono, akasema, "Mama Kendi, mimi ndiye niliyekwambia riba haitapanda. Benki ilinidanganya, nami nikakudanganya. Sasa niambie, utapata wapi shahidi kunishinda mimi?" Nikaona ni kweli. Aliyefunga fundo ndiye ajuaye pa kulifungulia.

Karatasi zilikuwa za Kiingereza, akanieleza moja moja, akaziombea, nikasema Amina. Palikuwa na mahali pa anwani nikakwama. Mimi anwani natoa wapi? Huku barua haziletwi mlangoni, ni masanduku, na sanduku ni la mwenye nyumba, na madam hufungua kila kitu. Joram akasema, "Weka sanduku letu, mama." Mzigo ukanitoka. Sasa benki ikiandika, korti ikiandika, itafika kwake na mimi nitalala.

Japheth anayekuja likizo atakuletea nakala. Akirudi umpe barua, na usinikasirikie. Mtu akikuita mama vizuri, moyo unaenda wenyewe.

Mama yako,
Winfred


Kitengela, 9 Aprili 2012

Mama,

Mbwa amekuuma mguu wa kulia, nawe umempelekea wa kushoto ukauombea baraka.

Yule mtu alilipwa na benki kukuingiza shimoni. Sasa anataka umlipe wewe kukutoa. Hata kuku, ukimwonyesha kisu mara ya pili, hukimbia. Baba alipotuacha alisema anaondoka kwa sababu unamwamini kila anayekuita kwa sauti ya chini, na mimi miaka yote nilimwona mwovu. Siku hizi namwelewa.

Sasa geuza ukurasa usome polepole. Nimesoma nakala ya mkataba. Imeandikwa kwamba unaweza kujitoa ndani ya mwezi mmoja bila kulipa chochote. Mwezi unaisha Jumatatu ijayo. Japheth atatua Alhamisi usiku. Ijumaa, siku yenu ya ibada, utatoka kanisani uende Najma, useme unajitoa, na wakupe kwa maandishi.

Ukiona aibu kusema hivyo, basi uliza swali hili moja tu. Benki ikikubali kosa haitakupa pesa mkononi, itapunguza deni la nyumba. Hawa watachukua theluthi ya nini? Utawakatia kipande cha ukuta? Mkataba unasema watalipwa taslimu, hata kama wewe hukupata senti. Utazitoa wapi?

Muulize, mama. Ukimuuliza hilo tu, nitakuandikia ile barua ya benki mimi mwenyewe.

Kendi


Najma, Doha, 20 Aprili 2012

Mwalimu Kendi,

Bwana asifiwe sana. Hatujaonana, lakini mama yako hunisomea sifa zako hata najihisi ndugu.

Nimeona nikuandikie mimi. Ijumaa iliyopita mama alikuja ofisini na barua yako. Alikuwa ameisoma mpaka pale unapomtaja baba yako, hapo akaikunja. Akaniambia, "Joram, soma iliyobaki, uniambie kama iko na la maana." Nikageuza ukurasa, nikausoma wote. Nikamwambia hakuna la maana, ni hasira za ujana zilezile. Alishukuru kwamba hakuhitaji kuusoma. Ukurasa huo ninao, nimeuhifadhi vizuri, usiwe na wasiwasi.

Una akili, dada yangu. Swali lako ni zuri, na wachache sana wameniuliza. Lakini mwezi wa kujitoa umepita. Mama amelia kwenye ushirika mbele ya kina mama wote, wakamwimbia. Wewe ulipata barua ya mzazi ukaipigia kicheko na wenzako, mimi nilimpa chai. Hesabu mwenyewe nani kati yetu aliyenifanyia kazi yangu.

Kama ungependa kumwandikia tena, pitishia kwangu. Namsaidia kusoma siku hizi.

Wako katika huduma,
Joram


Doha, Ijumaa 2 Novemba 2012

Kendi mwanangu,

Tangu Aprili hujaandika hata mstari, lakini mama haweki kinyongo, na leo hata wewe utacheka. Tumeshinda!

Benki imekubali kosa. Joram aliwaandikia, akasema yeye mwenyewe ndiye aliyeambiwa awadanganye watu, na benki ikanyamaza, kisha ikakubali. Riba imerudishwa ilivyokuwa, na kile walichonitoza zaidi wamekiondoa kwenye deni. Deni limepungua, Kendi! Mwezi ukikatwa sasa nabaki na kitu. Ukimwambia nyanya, mwambie akiwa ameketi, asianguke.

Nimetoa ushuhuda kanisani. Unajua kule makanisa yote yamewekwa ndani ya ukuta mmoja nje ya mji, basi vigelegele vyetu vilisikika hadi kwa Wahindi na Wafilipino. Nilisimama mbele nikasema, "Mimi sikusoma, lakini Mungu aliniletea Joram." Wanawake wakanizunguka, wengine nao walinunua zile nyumba, wakauliza ofisi iko wapi. Mmoja wao, Velma, akaniambia, "Wewe Mama Kendi huogopi kitu!" Mimi! Nikacheka mpaka mgongo ukauma.

Nimekununulia kitambaa cha gauni, rangi ya maziwa. Joram hajasema habari ya theluthi, nadhani amesamehe. Ni mtu wa Mungu.

Sasa niandikie. Hata kama ni kwa wino mwekundu.

Mama yako,
Winfred


Kitengela, 14 Januari 2013

Mama,

Hajasamehe.

Madalali walikuja Ijumaa asubuhi na lori na karatasi ya korti. Ngao ya Mkopaji wanadai theluthi ya kila kilichoondolewa kwenye deni, pesa taslimu, pamoja na faini ya kuchelewa na gharama ya kesi. Ndiyo, kesi imekwisha. Ilisikizwa bila wewe. Nilimuuliza yule dalali, mbona mama hakuitwa? Akanionyesha: aliitwa mara tatu, kwa anwani yake, sanduku la posta la Doha.

Walichukua televisheni, jiko la gesi, kabati, na kitanda cha nyanya. Nyanya alikuwa juu yake. Walimbeba na blanketi wakamweka sakafuni kwa adabu sana, mmoja akamwambia, "Pole, shosho." Sasa analala kwenye godoro langu, mimi mkekani. Kikohozi kimemrudia kwa ajili ya sakafu. Vitu vile havikutosha, basi wameandika kwenye lango kwa rangi nyeusi tarehe ya kuuza nyumba. Majirani wanaisoma wakipita.

Uliliambia kanisa zima Mungu alikuletea Joram. Rudi mbele ukamalize ushuhuda.

Na kabla hujauliza: ndiyo, nilijua. Niliuliza Aprili. Joram aliniandikia kwamba alikuficha ukurasa wa pili. Ningeweza kupiga simu. Nilikaa nikisubiri uumie ndipo usikie. Haya, umeumia.

Kendi


Doha, Ijumaa 8 Februari 2013

Kendi,

Nilikwenda Najma. Nilikuwa nimepanga kupiga kelele mpaka yule fundi wa nguo apande juu. Joram alikuwa na wageni, akasema, "Mama Kendi, ngoja kidogo." Nikangoja. Ndivyo nilivyo, hata nikiwa na hasira, mtu akisema ngoja nangoja.

Wageni walipotoka nikamwambia, "Joram, umemlaza mama yangu chini."

"Si mimi, mama. Ni korti."

"Na barua za korti uliziweka wapi?"

"Kwenye sanduku. Sanduku ni lako pia, uliandika kwa mkono wako. Hukuja kuuliza."

"Ulisema tukishinda!"

"Na tulishinda, mama. Hukushinda?"

Nililia, akanipa tishu, akafungua na dirisha nipate hewa. Kisha akasema iko njia. Akasema, "Wewe watu wanakupenda. Ushuhuda wako kina mama bado wanausimulia. Wako wengi walionunua zile nyumba na wanaogopa kuja kwangu, wananiona kijana mjanja. Wakikuona wewe hawaogopi. Niletee. Kila atakayetia sahihi nitakata fungu kwenye deni lako. Wa kwanza akisaini, kitanda kinarudi. Ukiniletea wa kutosha, nyumba haiuzwi."

Nikasema hapana. Nikashuka ngazi. Nikafika kituo cha basi, basi likaja, likaenda. Nikamwona mama yangu chini kwenye simenti. Nikarudi.

Nimempeleka Velma. Anafanya kazi ya ulinzi kule Lusail kwa yale majengo mapya, anasimama juani kutwa hadi uso umechunika. Nyumba yake iko barabara ya pili kutoka yetu, labda mumewe mnasalimiana. Nilimwambia jinsi benki ilivyonipunguzia deni. Hiyo si uongo. Mengine sikuyasema.

Kitanda kitakuwa kimefika ukisoma hii. Kendi, hii ni dhambi? Nijibu, lakini usinijibu kwa matusi, safari hii sitaweza.

Mama yako,
Winfred


Kitengela, 11 Machi 2013

Mama mpendwa,

Kitanda kimeletwa. Mguu mmoja umepasuka, nimeufunga kwa waya. Nyanya alipanda juu yake saa kumi na moja jioni akakataa kushuka kula. Anasema ukirudi atakuachia upande wa ukutani.

Umeuliza kama ni dhambi. Mimi nafundisha hesabu na Kiswahili, mama, dhambi hufundishwa na wengine. Ninachojua ni kwamba juzi alikuja mtu na kopo la rangi, akaifuta ile tarehe kwenye lango. Walipoiandika sikulala. Walipoifuta nililala.

Mume wa Velma nimekutana naye dukani. Ameniambia mkewe ameanza kudai haki yake, ana furaha. Nimempa hongera.

Sasa nisikilize, kwa maana wewe haya mambo unayafanya kwa moyo na yanataka kupangwa. Usianze na habari ya riba. Anza na watoto wao, uliza majina, wewe unajua. Waache waseme benki imewafanya nini, usikatize. Wakikuuliza theluthi inatoka wapi, sema wewe hukusoma mambo ya sheria. Ni kweli, na ukisema wewe watu huamini.

Na wajane usilete, mama. Mjane hana wa kumsaidia kulipa, kesi yake itakokota, na Joram atasema huyo hakuhesabu. Tena wanalia sana. Leta wenye waume.

Kitambaa kimefika na Japheth. Nimekishonesha. Wote shuleni wameuliza nani amekinunua, nikasema ni mama yangu.

Binti yako akupendaye,
Kendi


Doha, Ijumaa 19 Aprili 2013

Kendi wangu,

Barua yako nimeisoma pale juu tu, penye "Mama mpendwa", nikairudisha kwenye bahasha, nikaitoa tena. Madam akaniuliza, "Winfred, umeshinda bahati nasibu?" Huku chini nimechelewa kufika. Peninah ameniletea leo jioni, na mimi nimetoka Najma mchana.

Baada ya Velma nimepeleka wengine kadhaa, na leo nilikuwa na Pamela. Ni wa Vihiga, anasafisha vyumba hotelini. Ni mjane, mwanangu. Sikujua wajane hawafai, ningejua ningechagua mwingine. Mumewe aligongwa na lori kazini, ile pesa waliyompa ndiyo aliyoanzia nyumba. Watoto ni watatu, wa mwisho anaitwa Kendi kama wewe, alipewa jina na jirani wa Kimeru. Tulicheka sana kwa hilo.

Alisita kwenye ngazi. Akanishika mkono akaniambia, "Dada Winfred, mimi huyu mtu simjui, na hizo karatasi sizielewi. Nimekuja kwa sababu ni wewe." Nikamwambia, "Panda, dada, usiogope." Alipofika kwenye sahihi akaiweka kalamu chini, akaniangalia. Nikamrudishia, nikamshikilia mkono mpaka akamaliza jina lake. Kisha akanikumbatia, akalia kidogo, akaniuliza kama Ijumaa ijayo anaweza kuketi nami kanisani, kwa maana hapa Doha hana mtu. Nimemwambia nitamwekea nafasi.

Alipotoka nilimuuliza Joram kama huyo anahesabu. Akafikiri. Akasema kwa sababu ni mimi, anahesabu, na deni limekwisha.

Nyumba ni yetu, Kendi. Mwamshe nyanya umwambie.

Mama yako,
Winfred